Maili Kumi za Sultani na Chumvi ya Marereni

Tarehe 30 Desemba 2024 alifariki nchini Oman mzee wa miaka 95 ambaye watu wengi wa Marereni hawakupata kumwona hata kwenye picha. Jamshid bin Abdullah alikuwa sultani wa mwisho wa Zanzibar. Alikalia kiti kwa miezi isiyotimia saba, akapinduliwa, kisha akaishi zaidi ya nusu karne mjini Portsmouth, Uingereza, mpaka alipohamia Oman mwaka 2020. Hata hivyo jina la ukoo wake halikosi kutajwa katika mabishano ya jioni kando ya barabara ya Malindi kwenda Garsen. Ni katika enzi yake fupi, Oktoba 1963, ndipo ulipotiwa saini mkataba wa ukanda wa Pwani. Mkataba huo huitwa shahidi kila mtu anapotamka yale maneno matatu: Pwani si Kenya.

Mabishano hayo hupoa mwaka huu, yakawaka mwaka ujao, hasa uchaguzi unapokaribia. Yupo asemaye kwamba Pwani ilikodishwa tu, muda umekwisha, mpangaji afungashe. Yupo amjibuye kwamba Kenya ni moja, Katiba imelifunga hilo, na asiyependa aondoke yeye, ardhi aiache. Kila mmoja hutaja karatasi yake kwa uhakika wa mtu aliyeishika mkononi. Waliozisoma ni wachache mno.

Waandishi wakitaka kueleza madai haya huanzia Mombasa, bandarini, kwa sababu huko ndiko kwenye fedha na kelele. Mapato ya bandari yanakwenda Nairobi, makontena yanapakiwa kwenye reli mpya mpaka Naivasha, vijana wa Changamwe wamebaki wakitazama malori yakipungua. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini bandari iko zaidi ya kilomita 150 kutoka Marereni. Hapa swali ni ardhi. Na nadhani ni hapa, kuliko Mombasa, ndipo mtu anapoweza kuona kwa nini malalamiko ya Pwani yana mizizi mirefu kiasi hiki, na pia kwa nini yameishika karatasi isiyo yake.

Marereni ni kituo cha barabarani kaskazini mwa Malindi, ukishapita Mambrui na Gongoni, ndani ya eneo bunge la Magarini. Upande wa bahari ni mashamba ya chumvi: madimbwi yaliyokatwa kwa matuta, maji ya bahari yanayovutwa kwa pampu na kuachiwa jua, na marundo meupe yanayosubiri malori. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya hutoka katika ukanda huu. Upande wa bara ni vijiji vya Wagiriama hasa, mihogo na mahindi, minazi, mikorosho, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti au mabati. Familia nyingi zimezika babu zao hapo, na karatasi ya kuonyesha hazina.

Tuanze na hizo maili zenyewe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba himaya ya Sultani wa Zanzibar huku barani ni ukanda wenye upana wa maili kumi, kutoka karibu na mto Ruvuma kusini mpaka Kipini, mto Tana unapomwaga maji. Maili hizo zilihesabiwa kuanzia pale maji yanapofikia yakijaa, kuelekea bara. Marereni, iliyo kusini mwa Kipini na karibu na bahari, imo bila ubishi. Kipande cha kusini Wajerumani walikinunua mwaka 1890 kwa marka milioni nne. Kipande cha kaskazini kilikodishwa kwanza kwa kampuni ya Imperial British East Africa, na kampuni iliposhindwa, serikali ya Uingereza ikakishika yenyewe kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895. Sultani alibaki na enzi ya jina, bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea Fort Jesus, na kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka ikawa inakwenda Unguja.

Unguja, si Mambrui wala Marereni. Wanaoutaja mkataba wa 1895 kama stakabadhi ya mwenye nyumba huliruka jambo hilo haraka sana. Mwenye nyumba katika karatasi ile hakuwa Mgiriama.

Mwaka 1920 bara ikafanywa koloni, ukanda ukabaki nchi lindwa, na gavana huyohuyo mmoja akazitawala zote mbili kutoka Nairobi. Tofauti hiyo ilikuwa na maana kwa mawakili. Aliyedaiwa kodi ya nyumba hakuiona.

Kilichoonekana, na kuumiza, ni sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Iliwekwa kwa ajili ya ukanda wa pwani. Kila aliyedai shamba alitakiwa alete madai yake mbele ya afisa, ayathibitishe, apewe hati. Ardhi iliyokosa mdai aliyeaminiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Waarabu na Waswahili wa mijini, waliozoea kadhi na maandishi, waliweza kudai mmoja mmoja. Wamijikenda, Wagiriama wakiwa miongoni mwao, walishika ardhi kwa mbari, chini ya wazee wa kaya, na serikali iliwahesabu kuwa watu wa Nyika ambao makazi yao yalistahili kuwa magharibi ya zile maili kumi. Hapo ndipo alipozaliwa skwota wa Pwani, mtu anayelima shamba lililolimwa na babu yake, kwa hisani ya mwenye hati ambaye huenda hajawahi kulikanyaga.

Kaskazini ya mto Sabaki mambo yalikuwa makali zaidi. Wagiriama walikuwa wamevuka mto tangu karne ya kumi na tisa, wakilima nafaka na kuiuza kupitia Malindi na Mambrui. Serikali ilitaka vibarua wa mashamba makubwa, na mkulima aliyeshiba kwake hatoki kwenda kuwa kibarua. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza akawalisha watu kiapo wasitoe kodi wala vijana wao. Yeye na Wanje wa Mwadorikola wakakamatwa, wakapelekwa mbali magharibi mwa nchi, wakatoroka na kurudi. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, na Wagiriama wakaamriwa kuhama ng'ambo ya kaskazini ya mto, yaani Magarini hii. Baadaye waliruhusiwa kurudi, ila waliorudi hawakupewa hati. Kaburi la Mekatilili liko Bungale, humuhumu Magarini. Kijana wa Marereni akisema serikali ni ya wageni, hiki ndicho kisa alichokikuta nyumbani kwao.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo watetezi wa kujitenga wangependa isisimuliwe. Uhuru ulipokaribia, ikabidi iamuliwe ukanda utakwenda wapi. Vyama vikazuka, Coast People's Party na Mwambao United Front miongoni mwavyo, na mmoja wa wasemaji mashuhuri wa madai ya Mwambao alikuwa Sheikh Abdilahi Nassir wa Mombasa. Wapo waliotaka kurudi kwa Sultani, wapo waliotaka dola yao wenyewe. Hofu zao hazikuwa za kubuni. Waliogopa kumezwa na bara yenye watu wengi kuliko wao, waliihofia dini yao na mahakama zao. Na tuseme lililo kweli: baadhi yao waliogopa kupoteza mashamba, pamoja na ile raha ya kuwa juu ya wengine.

Uingereza ikamtuma Sir James Robertson, aliyekuwa amemaliza kazi ya ugavana mkuu nchini Nigeria. Mwaka 1961 alizunguka mwambao akisikiliza, na kabla mwaka haujaisha akawa amekwisha kuandika ripoti. Ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, alishauri, na wakazi wake wapewe dhamana kuhusu dini, mahakama na ardhi yao. Mikutano ya London ya 1962 na 1963 ilifuata njia hiyo.

Na Wamijikenda walisemaje? Wengi waliukataa Mwambao. Msemaji wao alikuwa Ronald Ngala, Mgiriama, mwalimu aliyegeuka mwanasiasa, kiongozi wa chama cha KADU. Kwa waliomfuata, Mwambao ulinuka utumwa na upangaji. Kwa nini mtu wa Gongoni apiganie bendera ya watu walioshika hati ya shamba lake? Lakini Ngala hakutaka Pwani imezwe na Nairobi vilevile. Alidai majimbo: Pwani yenye serikali yake, baraza lake la kutunga sheria, na usemi juu ya ardhi yake, ikiwa ndani ya Kenya. Akapata. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa ya majimbo, na Ngala mwenyewe akawa rais wa jimbo la Pwani.

Jimbo hilo halikumaliza hata miaka miwili. Serikali ya KANU iliyanyima majimbo fedha na madaraka, Novemba 1964 KADU ikajivunja, na tarehe 12 Desemba mwaka huohuo Kenya ikawa jamhuri yenye kichwa kimoja. Ngala aliingia serikalini, akapewa uwaziri, akafa Desemba 1972 kufuatia ajali ya gari ambayo mpaka leo watu wa Pwani huizungumzia kwa sauti ya chini.

Kwangu mimi, deni ambalo Pwani inalidai Kenya lina tarehe hiyo ya 1964. La 1895 lilikuwa kati ya Mwingereza na Sultani, wakalipana wakamalizana. Wenyeji walio wengi wa ukanda huu waliingia Kenya kwa hiari kuliko wanavyopewa sifa, wakaingia kwa sharti, na sharti likavunjwa ndani ya mwaka mmoja wa kwanza. Wajukuu walipotafuta karatasi ya kudai, ile ya majimbo ilikuwa imekwisha kuchanwa. Iliyobaki ni ya Sultani, wakaiokota hiyo.

Kuna jambo ambalo kila nikilifikiria hucheka peke yangu. Tuseme Mwambao ungeshinda na ukanda ukarudi kwa Jamshid. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi ya Zanzibar, na tarehe 26 Aprili Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Huenda leo Marereni ingekuwa Tanzania, na vijana wake wangekuwa wakikesha kubishana kuhusu serikali mbili au tatu.

Turudi Oktoba 1963. Barua zilizoutangulia mkataba si ndefu. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, waziri mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, waliandikiana ahadi. Uhuru wa kuabudu utalindwa. Mahakama za kadhi zitabaki. Watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na penye Waislamu wengi maafisa wa utawala watakuwa Waislamu inapowezekana. Hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa. Siku tatu baadaye mkataba ukatiwa saini London: siku ya uhuru wa Kenya, ukanda utaacha kuwa milki ya Sultani na utakuwa sehemu ya Kenya. Hamna miaka 50 mle. Ule uvumi kwamba Pwani ilikodishwa kwa miaka 50 na muda ukaisha 2013 ulifika kila kijiji, lakini hauna mstari hata mmoja wa kuegemea.

Irudie ile ahadi ya mwisho. Hati zilizosajiliwa ni zile za sheria ya 1908, na waliozikosa wakati ule ni Wamijikenda. Kwa hiyo mtu wa Marereni anayeipeperusha karatasi ya 1963 anapeperusha karatasi iliyoahidi kuwalinda wenye hati dhidi yake. Akifaulu kuifufua kortini, atakuwa amewafufua na mabwana wenye ardhi pamoja nayo.

Huku Kenya huru haikuja na nafuu iliyotarajiwa. Ardhi ya Mfalme ikageuka ardhi ya serikali, na serikali ikaigawa kwa inayemtaka. Katika miaka ya 1970 na 1980 kulikuwa na mpango mkubwa wa makazi wa Magarini, uliofadhiliwa na Australia, wa kuwagawia watu viwanja vya kulima. Ulitumia fedha nyingi, ukaharibikiwa, wafadhili wakaondoka. Kule Ngomeni, jirani tu, Waitaliano walikuwa na jukwaa lao la San Marco baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya taifa, iliitwa Uhuru. Uhuru ulifika angani kutoka Magarini kabla hati za mashamba hazijafika ardhini.

Kisha chumvi. Kampuni zilipewa maelfu ya ekari za ufuo na mikoko, nyingi kuanzia miaka hiyohiyo ya 1970. Malalamiko yakarundikana mpaka Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikaja Magarini kufanya uchunguzi wa wazi, na ripoti yake ikatoka mwaka 2006. Watu walieleza jinsi walivyohamishwa, jinsi maji ya chumvi yalivyoingia visimani, jinsi mikoko ilivyofyekwa na njia za kwenda baharini zilivyofungwa, na hali ngumu za vibarua. Yapo mambo ambayo kampuni zilikana. Ila mtu asimame barabarani Marereni aangalie kushoto na kulia, aone mali inayotoka upande mmoja na umaskini ulioketi upande wa pili, kisha amwambie kijana wa hapo kwamba muungano huu una faida. Atakuwa na kazi.

Ni katika hali kama hiyo ndipo Mombasa Republican Council, MRC, ilipopata masikio. Kundi hilo linahesabu kuzaliwa kwake mwaka 1999. Mwenyekiti wake alikuwa Omar Mwamnuadzi wa Kwale, na katibu wake Randu Nzai Ruwa. Tazama majina hayo mawili: Mdigo Mwislamu na jina la Kigiriama pamoja. Mwambao wa 1961 ulishindwa hasa kwa sababu haukuweza kuwaweka watu hao kwenye jamvi moja. MRC iliweza, na jambo lililowaunganisha halikuwa dini wala Sultani. Lilikuwa ardhi, pamoja na viwanda vilivyokufa, cha sukari Ramisi na cha korosho Kilifi, na kazi zilizokwenda kwa wengine. Karatasi za Sultani zilikuwa vazi tu la kuingilia mahakamani.

Serikali ilijibu kwa rungu. Oktoba 2010 MRC ikatangazwa kuwa kundi haramu pamoja na magenge ya wahalifu. Tarehe 25 Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema marufuku hiyo haipatani na Katiba. Oktoba mwaka huo Mwamnuadzi akakamatwa kwa nguvu Kombani, mwezi uleule Zanzibar ilipotikiswa na ghasia za kundi la Uamsho lililokuwa likidai mamlaka kamili ya visiwa. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, maafisa wa polisi walivamiwa na kuuawa Mombasa na Kilifi. Serikali iliinyooshea MRC kidole, nayo ikakana. Sina la kutetea katika damu ile. Ila nasema kwamba kuanzia hapo kila aliyeuliza kuhusu shamba lake aliweza kuitwa MRC, na wapo maafisa waliolipenda jambo hilo kwa sababu liliwapunguzia maswali.

Halafu mwaka 2017 wimbo ukahamia midomo mingine. Uchaguzi wa Agosti ulibatilishwa na Mahakama ya Juu, ukarudiwa Oktoba bila kiongozi wa upinzani Raila Odinga, na Novemba magavana Hassan Joho wa Mombasa na Amason Kingi wa Kilifi wakatangaza kwamba Pwani itafute njia ya amani ya kujitenga. Kwa wiki kadhaa habari ilikuwa hiyo tu. Machi 2018 Raila na Rais Uhuru Kenyatta wakapeana mikono, na wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Kingi aliunda chama cha Pamoja African Alliance, akajiunga na muungano wa Kenya Kwanza, na Septemba 2022 akawa Spika wa Seneti ya Jamhuri ileile ya Kenya. Joho aliingia barazani kama waziri wa madini na uchumi wa bahari mwaka 2024. Siwalaumu kwa kupanda vyeo. Nawakumbusha tu wasomaji kwamba walitumia kujitenga kama bei ya kuanzia mnada.

Je, njia ya kisheria ipo? Ethiopia iliandika katika kifungu cha 39 cha Katiba yake ya 1995 kwamba taifa lolote ndani yake lina haki ya kujitenga. Kenya haikuandika hivyo. Kifungu cha 255 cha Katiba ya 2010 kinasema kubadili mipaka ya nchi kunahitaji kura ya maoni ya Wakenya wote: wingi wa kura nchini, na angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wapige kura katika nusu ya kaunti zote 47. Kaunti sita za Pwani zilikuwa na watu kama milioni 4.3 katika sensa ya 2019, nchi nzima ikiwa na milioni 47.6. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Walioondoka kwingineko walikuwa na kitu ambacho Pwani haina. Eritrea, iliyopiga kura mwaka 1993, ilikuwa koloni mbali ya Italia na ilipigana miaka 30. Sudan Kusini ilipata kura yake ya 2011 kwa mkataba uliomaliza vita, na ndani ya miaka mitatu ya uhuru ikaanza kujipiga yenyewe. Wascoti walipiga kura kwa ridhaa ya London mwaka 2014, asilimia 55 wakabaki. Zanzibar, hata anayeupinga muungano wake, ana rais wake, baraza lake na kumbukumbu ya kiti katika Umoja wa Mataifa. Mnamo 1964 viongozi wa Afrika waliokutana Cairo waliapa kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na Kenya siku hiyo ilikuwa na ukanda ndani yake.

Kuna tatizo jingine ambalo wazee wa MRC hawakulijibu vizuri. Pwani ipi hiyo? Maili kumi hazifiki Ganze, hazifiki Bamba, haziigusi Taita Taveta wala sehemu kubwa ya Tana River. Ukidai kwa hati ya Sultani, Kilifi yenyewe inakatwa vipande viwili, Mgiriama wa Marereni ng'ambo hii na shangazi yake wa Bamba ng'ambo ile. Ukidai kwa mipaka ya mkoa wa zamani, hati ya Sultani haina kazi. Haiwezekani kuishika mikia yote miwili.

Ugatuzi ulioanza 2013 umerudisha kiasi fulani cha alichokitaka Ngala. Kilifi hupokea zaidi ya shilingi bilioni 11 kwa mwaka kutoka hazina ya taifa, kuna gavana wa kumzomea karibu, zahanati zimeongezeka. Lakini kaunti haitoi hati za ardhi. Hati hutoka kwa wizara Nairobi. Ndiyo maana kila rais anayekuja kuomba kura hushuka na mabunda ya hati za kugawa uwanjani, watu wakapanga foleni kupokea kwa shukrani kitu kilichokuwa chao. Serikali ya kaunti inasimamia mashule ya chekechea. Kuhusu udongo uliosababisha ugomvi wote huu tangu 1908, inasubiri kuulizwa.

Kwa hiyo, nikiulizwa na kijana wa Marereni nipigie upande gani katika ubishi wa jioni, nitamwambia aiache karatasi ya Sultani, maana haikuandikwa kwa ajili yake, na aifuate ya kampuni za chumvi. Ardhi ya umma iliyokodishwa ina muda wake, na muda ukikaribia kwisha lazima watu waketi kuamua kama ihuishwe, kwa ekari ngapi, kwa masharti gani, njia ya kwenda baharini ipite wapi na visima vya nani vipimwe. Sheria inaruhusu mwananchi kuuliza tarehe hizo na kuona masharti hayo. Nimehudhuria mikutano mingi ya hadhara ya kujitenga na ya kupinga kujitenga. Wa kuulizia tarehe hizo bado sijaalikwa.